Kivuko cha Mtaa wa Wirrin

Nibigira alikuwa mtu wa kuamka mapema. Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Mtaa wa Wirrin, alikuwa ameshachemsha chai, ameshakaanga mayai, na ameshamwita binti yake mara tatu.

"Iteka! Amka, saa zinakwenda!"

Iteka alikuwa na miaka minane. Aliamka amenuna, akala huku anasinzia, lakini akishavaa sare na kofia pana ya shule alichangamka na kuanza kuimba.

Baba yake, Vénérand, aliendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala moja huko Smithfield, jijini Sydney. Mama yake alifanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya mchana. Wote wawili walikulia kambini Tanzania, watoto wa wakimbizi wa Burundi. Walifika Australia miaka tisa iliyopita. Nyumbani walizungumza Kirundi na Kiswahili. Iteka alielewa lugha zote mbili, ila akiulizwa jambo alijibu kwa Kiingereza.

Shule haikuwa mbali. Ukitoka kwao unavuka Mtaa wa Wirrin, unakatiza bustani ya umma, na umefika. Ni dakika sita tu. Shida ilikuwa hapo pa kuvukia.

Mtaa wa Wirrin ulikuwa mpana na umenyooka. Malori ya kwenda maghalani yaliupenda, kwa sababu yalikwepa taa za barabara kuu. Upande wa pili wa bustani, mbele ya lango la shule, kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, chenye mistari myeupe, na mlinzi wa watoto mwenye kibao cha kusimamisha magari. Lakini huku Wirrin hapakuwa na kivuko, wala kibao, wala mlinzi. Watu walisimama ukingoni, wakatazama kulia, kushoto, na kulia tena. Kisha walikimbia.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, Nibigira na Iteka walisimama pale kama kawaida.

"Nishike mkono," Nibigira alisema.

Barabara ilikuwa tupu. Wakaanza kuvuka. Walipofika katikati, lori likakata kona. Nibigira alisikia breki kabla ya kuliona. Magurudumu yalilia. Alimvuta Iteka kwa nguvu hadi mkoba wake ukamtoka begani. Lori lilisimama hatua mbili tu kutoka walipokuwa.

Dereva alikuwa kijana. Alikuwa ameweka mkono kifuani. Naye pia aliogopa.

Walipofika bustanini, Nibigira alipiga magoti akamkagua mtoto miguu na mikono. Hakuumia. Iteka alisema kwa Kiingereza kwamba ameyaona macho ya dereva, na yalikuwa ya bluu. Mama alimkumbatia, akakaa naye kwenye nyasi mpaka kengele ya shule ikalia.

Jioni alimsimulia mumewe. Vénérand aliacha kula.

"Unajua kazini kwetu tunafanyaje?" alisema. "Sakafuni tumechora mistari myeupe ya watu wa miguu. Foklifti ikifika kwenye mistari, lazima isimame. Miaka sita niko pale, hakuna mtu hata mmoja aliyegongwa."

"Sasa ghala na barabara wapi na wapi, Baba Iteka?"

"Mstari ni mstari," Vénérand alijibu.

Jumamosi alirudi kutoka dukani na makopo mawili ya rangi nyeupe. Nibigira alifurahi. Alidhani ni ya ukuta wa jikoni. Jumapili alfajiri aliamka akakuta kitanda kitupu. Alipochungulia dirishani, alimwona mumewe yuko katikati ya barabara, amevaa fulana yake ya kazini inayong'aa, na brashi ndefu mkononi.

Nibigira alishuka ngazi mbio. Alijua anapaswa kumkataza. Lakini aliposimama ukingoni mwa barabara ile, alikumbuka mlio wa breki.

"Mistari yako imepinda," alisema.

"Basi nishikie kamba."

Akamshikia kamba.

Kulipopambazuka vizuri, Mtaa wa Wirrin ulikuwa na mistari minane myeupe. Jirani wa ghorofa ya juu, Bibi Shamiran, alitoka kwenye roshani yake akapiga makofi. Alikuwa mjane wa jamii ya Waashuri wa Iraki, na alipenda sana kuitwa bibi. Muuza mikate wa pale mtaani, Bwana Thinh, alitoka dukani kwake. Alitazama mistari, akatazama mahali gari lake la mikate linapoegeshwa, akarudi ndani.

Siku hiyo magari kadhaa yalisimama kweli. Vénérand alienda kanisani ametunisha kifua kama mshindi.

Furaha yao haikumaliza siku tatu.

Jumatano asubuhi Bibi Shamiran alitoka na kigari chake cha kubebea mboga. Zamani alikuwa akisubiri mpaka barabara iwe tupu kabisa. Safari hii aliona mistari, akashuka barabarani moja kwa moja. Gari dogo lilikuja kwa kasi. Dereva alikuwa akipita pale kila siku na alijua hapana kivuko. Alikwepa, lakini akagonga kigari. Nyanya zilitapakaa barabarani. Bibi Shamiran alianguka akachubuka kiganja na goti.

Nibigira alimwinua, akamwingiza ndani, akamsafisha vidonda taratibu, kama alivyowafanyia wazee kazini.

"Nilidhani atasimama," Bibi Shamiran alisema. Alijaribu kutabasamu. "Si kuna mistari?"

Maneno hayo yalimchoma Nibigira. Mikono yake ndiyo iliyoshika kamba.

Mchana ule ule gari la halmashauri lilikuja. Wafanyakazi wawili waliweka vizuizi barabarani na kuanza kuondoa rangi kwa mashine ya maji. Vénérand, aliyekuwa na likizo siku hiyo, alisimama mlangoni na mkewe, ambaye hakwenda zamu kwa ajili ya Bibi Shamiran.

"Tumekwisha," Nibigira alinong'ona kwa Kiswahili. "Wamekuja kutukamata."

Mfanyakazi mmoja, mrefu na mwembamba, alikuwa amezima mashine yake hatua chache kutoka kwao, akawasikia. Akavua miwani.

"Hakuna anayekamatwa, mama," alisema kwa Kiswahili cha Kenya. "Mimi nakamata rangi tu."

Nibigira alishtuka, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu Jumanne ile ya lori hakuwa amecheka hivyo. Mfanyakazi yule aliitwa Cheruiyot. Wakati wa mapumziko walimkaribisha chai, naye akaketi ngazini kwa sababu buti zake zilikuwa zimelowa.

"Ni mimi niliyechora," Vénérand alisema, kabla hajaulizwa.

"Najua. Una rangi kwenye sikio," Cheruiyot alijibu. "Bwana, nia yako ilikuwa nzuri. Lakini sikiliza. Mstari wa ghalani kwenu una sheria nyuma yake. Kila dereva amefundishwa kuuona. Huu wako hauna alama, hauna taa, na gari lililoegeshwa pale linamficha anayevuka. Mwenda kwa miguu anauamini, dereva haujui. Hapo ndipo mtu anapoumia."

"Ameshaumia mmoja," Nibigira alisema kwa sauti ndogo.

Cheruiyot aliweka kikombe chini. "Pole sana. Basi andikeni barua ofisini, mkiri wenyewe. Mara ya kwanza pengine watawaonya tu, ingawa siwezi kuahidi. Sasa niambieni, mmeshaiambia halmashauri kwamba hapa ni hatari?"

"Halmashauri?" Nibigira alishangaa. "Si ni watu wa taka?"

"Taka ni sehemu tu. Bustani hii ni yao. Maktaba ni yao. Njia za miguu pia. Na barabara ndogo kama hii ni yao. Barabara kuu, ile ya taa, iko chini ya serikali ya jimbo. Ndiyo maana kwanza unauliza: barabara ni ya nani? Ukikosea hapo, unabisha mlango usiohusika."

"Na nikibisha mlango wa halmashauri, naingia na Kiingereza changu hiki?"

"Kuna wakalimani kwa simu. Wapo wa Kiswahili. Hulipi. Ukishaeleza, watakupa namba ya ombi. Iandike uiweke vizuri, maana ukipiga tena watakuuliza namba hiyo. Halafu hesabuni. Watu wangapi wanavuka hapa asubuhi? Malori mangapi yanapita? Kusema 'magari ni mengi' haitoshi. Halmashauri inapata maombi kila siku, na fedha ni kidogo. Lazima ijue ianze wapi."

"Halafu?"

"Andikeni barua ya wakazi, watu watie saini. Kisha nendeni kwenye mkutano wa madiwani. Mkazi yeyote anaweza kuomba nafasi ya kusema. Unajiandikisha mapema, unapewa dakika tatu."

Vénérand aliuliza, "Na asiye raia?"

"Anaishi hapa, anavuka hapa. Anaweza kusema."

Nibigira alimtazama yule kijana mrefu kwa matumaini. "Kaka, si utusemee wewe? Wewe uko ndani."

Cheruiyot alitikisa kichwa. "Mimi ni mwajiriwa wao. Haifai. Na hata ingefaa, mimi sivuki hapa na mtoto. Wewe unavuka."

Alishukuru kwa chai, akarudi kwenye mashine. Kufikia saa kumi mistari yote minane ilikuwa imetoweka.

Kesho yake Nibigira alipiga simu. Mkalimani alikuja kwenye laini, na mambo yakawa mepesi kuliko alivyoogopa. Alieleza habari ya lori, ya bustani, na ya Bibi Shamiran. Alipata namba ya ombi, akaibandika kwenye friji. Vénérand naye aliandika barua ya kukiri. Baada ya wiki alijibiwa kwa onyo kali la ukurasa mmoja. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema hatashika brashi tena maisha yake yote, hata ya jikoni.

"Ya jikoni utashika," Nibigira alisema.

Kuhesabu kulianza Jumatatu. Nibigira aliketi kwenye benchi la bustani pamoja na Bibi Shamiran, ambaye kiganja chake kilikuwa bado kina bandeji. Nibigira alihesabu watu. Bibi Shamiran alihesabu malori, kwa lugha yake, kwa sauti kubwa. Kila lori lilipopita alichora mstari kwenye daftari kwa hasira, kana kwamba anamchapa mtu.

"Umemwandika yule mbwa?" Bibi Shamiran aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Mbwa hahesabiwi, bibi."

"Kwa nini? Naye anavuka."

Walihesabu siku tano, kwa muda wa saa moja kila asubuhi. Kwa wastani watu mia moja na kumi na wawili walivuka kila siku katika saa hiyo, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Malori yalikuwa arobaini na moja.

Kukusanya saini kulikuwa rahisi, mpaka walipofika kwa Bwana Thinh.

"Mimi sitii saini," alisema, huku akipanga mikate. "Mkiweka kivuko hapa, watakataza magari kuegeshwa, huku na huku. Wateja wangu waende wapi? Gari langu la mikate je?"

"Kwa hiyo mkate ni muhimu kuliko mtoto?" Nibigira aliuliza kwa ukali.

Bwana Thinh aliendelea kupanga mikate. Nibigira alitoka na hasira zake. Lakini usiku alipolala, yale maneno yake mwenyewe hayakumpa raha. Mzee yule alimpa Iteka andazi kila Ijumaa. Hakuwa mtu wa kupuuza watoto.

Asubuhi alirudi dukani.

"Jana nilikosa adabu, mzee," alisema. "Nimekuja kuuliza, si kugombana. Kama wewe ndiye ungepanga, kivuko ungekiweka wapi?"

Bwana Thinh aliacha mikate yake. Kisha alivua aproni, akatoka nje, akaanza kutembea akihesabu hatua. Alisimama karibu na lango la bustani, hatua thelathini kutoka dukani.

"Hapa," alisema. "Hapa hakuna gari linaloegeshwa, na dereva anayetoka kwenye kona anaona mbali. Pale mlipochora mistari, ule mti wa kando unaziba. Miaka kumi na tano niko nyuma ya kaunta ile. Nimeona ajali tatu. Zote pale kwenye mti."

Nibigira aliduwaa. Siku zote hizo walikuwa wanataka kivuko mahali pabaya kuliko pote, na aliyejua hivyo hakuwa ameulizwa.

Bwana Thinh alitia saini. Kisha aliiweka ile karatasi juu ya kaunta, kando ya mashine ya kukatia mikate. Kila mnunuzi alielezwa kabla hajapewa chenji. Kwa siku nne saini zilifika mia moja themanini na saba.

Mkutano wa madiwani ulikuwa jioni moja ya mwezi wa tatu. Jua lilikuwa bado linaingia kwenye madirisha makubwa ya ukumbi. Nibigira alivaa kitenge chake cha sherehe. Alikuwa amejiandikisha kwa simu na kuomba mkalimani, na kweli mkalimani alikuwapo, mama wa Kikenya aliyeitwa Kawira, mwenye sauti ya utulivu.

"Sema sentensi fupi," Kawira alimshauri. "Usinitazame mimi. Watazame wao."

Jina lake lilipoitwa, Nibigira alisimama. Alitembea hadi kwenye maikrofoni. Mbele yake madiwani waliketi katika nusu duara, na meya katikati. Nyuma yake waliketi Vénérand, Iteka, Bibi Shamiran, Bwana Thinh, na majirani wengine ishirini hivi.

"Ninaitwa Nibigira," alianza kwa Kiswahili. "Ninaishi Mtaa wa Wirrin. Mwezi uliopita lori lilisimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wangu."

Kawira alitafsiri.

"Tuliogopa. Mume wangu akachora kivuko chake mwenyewe. Mimi nilimshikia kamba."

Madiwani walicheka, na watu wa nyuma pia. Vénérand aliinamisha kichwa, lakini naye alikuwa anacheka.

"Halmashauri ilikifuta. Ilifanya vizuri. Kwa sababu jirani yangu alikiamini akaanguka. Ameketi pale. Tangu siku ile tuliacha kuchora, tukaanza kuhesabu."

Akatoa daftari akasoma hesabu zao. Akaeleza mahali alipopachagua Bwana Thinh, na sababu zake. Dakika tatu ziliisha, lakini meya alisema kwamba tafsiri ina haki ya muda wake, akamwongezea nyingine tatu.

Diwani mmoja mwenye mvi aliinua mkono. Hakuwa na uso wa furaha.

"Mama, mezani kwangu nina maombi ya mitaa kumi na minne," alisema. "Kila mtaa una watoto. Kwa nini tuanze na wenu?"

Nibigira alifunga daftari lake.

"Mheshimiwa, mimi sijui mitaa mingine," alisema. "Kama wamehesabu na hesabu yao ni kubwa kuliko yetu, waanze wao. Kama hawajahesabu, nipeni namba zao za simu. Jumatatu sina kazi. Nitakwenda kuwafundisha."

Kawira alitafsiri, na kabla hajamaliza ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Iteka alisimama juu ya kiti. Hata diwani mwenye mvi aliitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Mhandisi wa halmashauri aliitwa. Alieleza kwamba bajeti ya mwaka ule haina fungu la kivuko kipya. Lakini serikali ilikuwa na ruzuku ya usalama kwa barabara za karibu na shule, na halmashauri ingeweza kuiomba.

"Hesabu za wakazi zitatusaidia kuanza," alisema. "Ila lazima tuhesabu na sisi, kwa mashine. Na lazima kamati ya usalama barabarani, pamoja na polisi, wapitie mchoro."

Madiwani walipiga kura. Mikono yote iliinuliwa.

"Tumeshinda!" Vénérand alisema walipotoka nje.

"Bado," Kawira alimwambia kwa upole. "Wamekubali kuchunguza na kuomba fedha. Hawajakubali kujenga. Msilale."

Hawakulala. Mwezi wa tano nyaya nyeusi za mpira zililazwa barabarani kuhesabu magari na kupima kasi yao. Mwezi wa sita halmashauri iliweka alama za kuwatahadharisha madereva. Mwezi wa saba kila nyumba ilipokea barua ikiulizwa maoni juu ya mchoro wa kivuko. Nibigira aliziona barua hizo zikitupwa kwenye mapipa pamoja na matangazo ya piza. Akapita mlango kwa mlango.

"Jirani, ile barua ulijibu?"

"Barua gani?"

"Iko kwenye pipa lako. Nimekuletea nakala nyingine, na kalamu."

Mara mbili alikata tamaa. Mara ya kwanza ni pale ombi la ruzuku liliposogezwa mbele. Mara ya pili ni pale kamati ilipotaka mchoro urekebishwe. Kila mara alipiga simu, akataja namba yake ya ombi, akauliza wamefikia wapi. Mpokea simu mmoja alifika mahali akawa anamwamkia kwa jina. Mwezi wa kumi na moja, miti ya jakaranda ikiwa imejaa maua ya zambarau, barua ilikuja. Ruzuku ilikuwa imekubaliwa.

Nibigira aliisoma ngazini. Kisha alipiga kigelegele kilichowatoa watu wote nje, na Bibi Shamiran akajibu kwa kigelegele cha kwao. Ikawa ni kushindana.

Ujenzi ulianza mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Waliinua barabara ikawa tuta pana, ili gari lolote lilazimike kupunguza mwendo. Wakaweka taa, alama, na mteremko wa kupitisha vigari na viti vya magurudumu. Kila asubuhi Bwana Thinh aliwapelekea wajenzi mikate ya moto. Siku ya mwisho, walikuja watu wa rangi, na Cheruiyot alikuwa mmoja wao.

"Bwana, simama hapo hapo," alimwambia Vénérand. "Unaweza kutazama. Usiguse."

"Mikono yangu iko mfukoni," Vénérand alijibu.

Jumamosi iliyofuata walifanya sherehe ndogo bustanini. Halmashauri ilikuwa na mfuko wa shughuli za jamii, na safari hii Nibigira alijaza fomu mwenyewe. Walipata meza, mahema, na muziki. Kulikuwa na ndizi kwa maharage, wali wa Kiashuri uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, na mikate isiyohesabika. Diwani mwenye mvi alikuja. Alimtafuta Nibigira katikati ya watu.

"Nimekuletea mtu," alisema. Nyuma yake alisimama mama mmoja mwenye daftari jipya. "Anatoka mtaa mwingine katika ile kumi na minne. Ulisema Jumatatu huna kazi."

"Nilisema," Nibigira alikubali, akamvuta yule mama kwenye kiti.

Miezi mitatu baadaye, mhandisi alipima tena. Kasi ya magari ilikuwa imepungua sana, na malori mengi yalikuwa yamerudi barabara kuu. Lakini Nibigira hakuhitaji kusubiri vipimo. Aliona kwa macho yake. Wazee wa jengo lao, ambao zamani waliishia ukingoni, sasa walivuka kwenda kuota jua. Mmoja wao alikiri kwamba alikuwa hajakanyaga bustani ile kwa miaka miwili, ingawa aliiona kila siku kutoka dirishani kwake.

Iteka naye aliruhusiwa kwenda shule na rafiki zake. Siku ya kwanza Nibigira alimfuata kwa macho kutoka dirishani. Lori kubwa lilikuja. Likapunguza mwendo, likasimama. Watoto wanne walivuka wakizungumza, bila kukimbia. Dereva alisubiri mpaka wa mwisho akapanda njia ya miguu, ndipo akaondoka.

Nibigira alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Ilikuwa Jumatatu, hakuwa na zamu, na yule mama wa daftari angekuja saa nane. Alivaa viatu, akashuka ngazi, akaenda hadi kivukoni. Gari moja lilisimama. Akaingia kwenye mistari myeupe, akavuka kwa hatua za polepole. Upande wa pili hakuwa na shughuli yoyote. Alitafuta benchi lenye jua, akaketi.